Ukifuta nywele zilizochomoka pembeni mwa kichwa, ule moshi unaobaki unatoka wapi?

#1 FundiLenzi
Wakuu, habari za jioni. Naomba jambo hili tulichambue mpaka chini, maana kila uzi wa kusafisha potreti unaishia kwenye "tumia hilingi" (brashi ya kuponya ya Photoshop) na watu wanatawanyika.

Picha iko hivi. Dada mwenye afro, karatasi ya kijivu mita mbili nyuma yake, softboksi mbele kushoto, na taa ya nyuma upande wa kulia inayomulika nywele. Lenzi ya milimita 85 kwenye uwazi wa f/2.8, mita mbili kutoka kwake, fokasi kwenye jicho, sensa kubwa ya megapikseli 24, faili ni RAW (data ghafi ya kamera). Nikipitisha hilingi brashi, unywele unaondoka, ila mahali ulipokuwa panabaki kitu kama moshi, upana wa pikseli 10 mpaka 15, unafuata ukingo wa kichwa. Kwenye simu hauonekani. Kwenye chapa ya A3 mtu anaonekana kama amekatwa na kubandikwa.

Dai langu: brashi inasingiziwa. Moshi ulikuwepo tangu kwenye lenzi, na unywele uliofutwa ndio uliokuwa unauficha.

#2 Kaka_Kontrasti
Mkuu, hapana. Hiyo ni hilingi kabisa. Angalia inavyofanya kazi: inachukua umbile kutoka pale ulipobonyeza Alt, halafu rangi na mwanga inavipata kutoka pembezoni mwa mstari uliochora. Duara la brashi likigusa nywele nyeusi hata kwa pikseli mbili, weusi huo unahesabiwa kama sehemu ya mazingira na unasambazwa ndani ya mstari wote. Moshi wako ni weusi wa kichwa uliovutwa nje.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza, zungushia eneo la karatasi kwa laso kabla ya kutumia hilingi, mstari wa laso upite pikseli chache nje ya kichwa. Hilingi haivuti rangi kutoka nje ya eneo ulilochagua. Ya pili, karibu na kichwa achana na hilingi, shika kloni (herufi S), inayonakili pikseli za chanzo kama zilivyo. Ugumu wa brashi asilimia 50 hadi 70 jirani na ukingo, na sifuri ukishatoka mbali. Leya (tabaka) tupu juu, chaguo la sampuli liwe leya ya sasa na zilizo chini, ili ukikosea ufute leya, siyo picha.

#3 MtuWaRAW
Naunga mkono #2 kuhusu kloni. Nyongeza: weka modi ya Darken kwenye kloni kwa nywele nyeusi, itagusa nywele tu na kuacha karatasi.

#4 Mama_Kalamu
@MtuWaRAW umegeuza, na kosa hili linawapotezea watu saa nzima. Darken inabadilisha pikseli pale tu ambapo chanzo ni cheusi kuliko kilichopo. Unywele mweusi juu ya karatasi ya kijivu, chanzo (karatasi) ni cheupe kuliko unywele, kwa hiyo Darken haitafanya kitu. Unatakiwa Lighten. Darken ni ya unywele unaong'aa kwa taa ya nyuma kwenye bakgraundi nyeusi kuliko unywele wenyewe.

Na picha ya mleta uzi ina vyote viwili. Kushoto nywele ni nyeusi juu ya kijivu: Lighten. Kulia zimepigwa na taa ya nyuma zinang'aa: Darken. Tena upande huo utakuta unywele mmoja shina lake ni jeusi na ncha inang'aa, kwa hiyo unapita mara mbili, kila modi na nusu yake. Ukitumia modi moja kwa kichwa kizima, nusu ya unywele inabaki, halafu unairudia kwa hilingi, na hapo ndipo moshi unapozaliwa.

#5 MtuWaRAW
Sahihi dada, niliandika haraka. Lighten kwa nywele nyeusi. Asante.

#6 PikseliMoja
Kabla hatujafika kwenye brashi, fungua RAW uangalie vitelezi. Lightroom (programu ya kufungulia RAW) inaweka ukali wa 40 na nusukipenyo cha 1.0 yenyewe kwenye RAW, hata kama hujagusa kitu. Ukali wa namna hiyo unachora mstari mweupe upande wa nje wa kila ukingo mweusi. Ukifuta unywele, mstari wake mweupe unabaki. Shusha ukali mpaka sifuri, safisha nywele, rudisha ukali mwishoni kwenye leya ya juu kabisa.

#7 Kaka_Kontrasti
@PikseliMoja nusukipenyo cha 1.0 hakiwezi kutoa moshi wa pikseli 15. Kitatoa mstari wa pikseli moja au mbili. Umeelezea tatizo jingine la kweli, lakini siyo hili.

#8 PikseliMoja
Kweli kwa ukali peke yake. Ila muulize Clarity ameiweka ngapi. Clarity inaongeza kontrasti kwa kulinganisha kila sehemu na jirani zake wa mbali, ndiyo maana inaacha mduara mpana kuzunguka kichwa cheusi kwenye karatasi nyepesi. Huo unafika pikseli 15 na kuzidi.

#9 FundiLenzi
Clarity iko +25. Nitajaribu kuiweka sifuri nilete majibu.

#10 BintiMsusi
Habari zenu mafundi. Mimi niko upande wa kichwa chenyewe, nina mambo mawili.

Moja, afro siyo kofia ya pikipiki. Ukingo wake kwa asili ni mchanganyiko wa mizunguko midogo na nafasi za hewa, na nafasi hizo ndizo zinazoyaambia macho kwamba hizi ni nywele. Mkifuta kila kinachochomoza mnatoa umbo lililokatwa kwa wembe, halafu mnashangaa kwa nini anaonekana amebandikwa. Ondoa ule unywele uliojitenga peke yake na kutoka nje ya umbo kwa upana wa kidole, ondoa kipande cha pamba au uzi wa shuka, acha vingine.

Mbili, nusu ya kazi yenu inamalizika kabla ya picha. Nywele za rasta za plastiki huwa zinatoa manyoya baada ya siku chache. Yapunguzwe kwa mkasi mdogo ukiufuata msuko kutoka juu kwenda chini, halafu povu la nywele, halafu mfunge kitambaa cha satini dakika 10 mpaka 15. Malaika za kwenye paji la uso zilazwe kwa mswaki laini na jeli kidogo sana, ukubwa wa punje ya choroko unatosha paji zima. Jeli ikizidi inang'aa kwenye flashi na inaacha chembe nyeupe ikikauka, na hizo ni ngumu kufuta kuliko nywele. Kwa twende kilioni, angalia mistari ya ngozi katikati ya misuko: manyoya ya hapo yanaonekana kuliko ya pembeni kwa sababu yako juu ya ngozi inayong'aa. Na zimeni feni.

#11 JichoLaKunguru
"Zimeni feni." Uzi ungeweza kuishia hapa.

Ila na mimi nina maelezo yangu, na hayahusu feni. Tatizo ni chembe. Kila RAW ina chembechembe (noizi), hata ISO 100. Ukipiga kloni yenye brashi laini mara tano mahali pamoja, kingo laini za brashi zinachanganya chembe za sehemu mbili tofauti, na wastani wake unakuwa mtulivu kuliko zote mbili. Unapata utepe usio na chembe kuzunguka kichwa katikati ya karatasi yenye chembe. Rangi ni ileile, mwanga ni uleule, lakini jicho linasema "moshi".

Jipime hivi: weka leya ya mkunjo (Curves) juu kabisa, uchore S kali ya kuongeza kontrasti mpaka karatasi ianze kuonyesha madoa, kuza asilimia 200. Kama utepe ni tofauti kwa ulaini tu, ni chembe. Kama ni mweusi au mweupe kuliko karatasi, rudini kwenye hilingi au Clarity. Leya hiyo ya mkunjo iondoe kabla ya kuhifadhi. Ukiisahau mteja atapata picha ya kutisha.

Kuzirudisha: leya mpya iliyojazwa kijivu cha asilimia 50, modi ya Overlay, ongeza noizi ya Gaussian ya rangi moja asilimia 2 au 3, maski nyeusi (inaficha leya yote), paka nyeupe kwenye utepe tu.

#12 Mama_Kalamu
Naandika utaratibu mzima ninaoutetea kwa karatasi au ukuta laini, watu wausahihishe.

Fanyia kazi biti 16 tangu mwanzo. Kwenye biti 8 kila chaneli ya rangi (nyekundu, kijani, bluu) ina ngazi 256 tu, na karatasi ya kijivu inayofifia taratibu inatumia chache kati ya hizo. Ukilainisha kidogo inatoka mistari kama ngazi za nyumba.

Nakili leya ya picha. Tumia kichujio cha Dust & Scratches, kizingiti sifuri, nusukipenyo kianzie 8 na kupanda mpaka unywele mnene kuliko wote uliotengana upotee. Kwa megapikseli 24 mara nyingi ni kati ya 10 na 20. Picha nzima itaonekana mbovu, usijali. Weka maski nyeusi. Sasa chukua brashi nyeupe, opasiti 100, paka karatasi tu, anza mbali ukija kichwani. Nywele zote nyembamba zinaondoka kwa mpigo mmoja, pasipo kuchagua chanzo hata mara moja. Simama ukifika umbali sawa na ile nusukipenyo kutoka kichwani, kwa sababu ndani ya umbali huo kichujio kimeshaanza kuchanganya kichwa na karatasi.

Kipande hicho kilichobaki, kati ya maski na kichwa, ndicho cha kloni na mkono wako. Hapo hakuna njia ya mkato. Brashi pikseli 5 hadi 8, Lighten au Darken kama nilivyosema #4, piga kufuata unywele kutoka nchani kwenda shinani, na uachie pale unapoingia kwenye wingi wa nywele. Ukikata unywele katikati, unabaki na kisiki chenye ncha butu, na kisiki kinaonekana kuliko unywele mzima.

Halafu rudisha chembe kama #11 alivyoeleza. Kichujio kimezila zote.

Mwisho ni kuchora. Ndiyo, baada ya kufuta unachora. Ukingo ukiwa safi mno, chukua brashi ya pikseli 2, ukubwa ufuate mgandamizo wa kalamu, rangi uichukue kwenye nywele zenyewe sehemu tatu (kivuli, katikati, inayong'aa), chora nywele saba au nane zinazofuata mzunguko wa zilizopo. Opasiti 60 hadi 80. Zikipishana ni sawa. Zikienda sambamba zitaonekana kama kucha za paka.

#13 SimuTuMkononi
Sisi wa Snapseed, programu ya simu, je? Bakgraundi ni majani, hakuna karatasi.

#14 JichoLaKunguru
@SimuTuMkononi kwenye Snapseed ile zana ya kuponya haikuruhusu kuchagua chanzo, na ukubwa wa brashi unabadilika kwa kukuza picha. Kwa hiyo kuza mpaka unywele uwe mnene kwenye skrini, gusa vipande vifupi vifupi badala ya kuvuta kidole unywele mzima, na usiguse kabisa sehemu unywele unapokutana na kichwa. Ikileta jani mahali pasipo na jani, rudi nyuma, sogeza kidogo, gusa tena. Majani yenyewe yanakusaidia: bakgraundi yenye vurugu inaficha makosa ambayo karatasi ya kijivu ingeyatangaza.

Na ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa, na mbano unaweka vijiboksi palepale pembeni mwa kichwa ulipofanyia kazi.

#15 Kaka_Kontrasti
Hapo kwenye mbano kuna kitu cha uzi huu. JPEG inagawa picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, na mara nyingi rangi inahifadhiwa kwa nusu ya ukubwa, mlalo na wima. Rangi ya kahawia ya nywele inamwagika kwenye karatasi pikseli moja mbili. Anayeanzia JPEG badala ya RAW atafuta unywele na kuacha rangi yake. Mleta uzi anatumia RAW kwa hiyo siyo yeye, lakini wengine humu mjipime.

#16 Ndevu_na_Lenzi
Nywele zinazokatiza usoni mbona hamzigusi? Pembeni ni kitu kimoja, unywele uliopita juu ya jicho ni kitu kingine.

#17 MtuWaRAW
Hapo nina uhakika kuliko kwenye Darken. Tenganisha picha leya mbili: ya chini ina rangi na mwanga, ya juu ina umbile. Nakili leya mara mbili. Ya chini uipe Gaussian Blur, nusukipenyo 6 hadi 10 kwa potreti ya kifuani ya megapikseli 24. Ya juu tumia Apply Image, chanzo kiwe leya ya chini, modi Subtract, kipimo 2, nyongeza 128. Kisha modi ya leya hiyo iwe Linear Light. Picha inarudi kama ilivyokuwa.

Unywele wa shavuni ufute kwenye leya ya umbile kwa kloni au hilingi, chanzo kiwe ngozi jirani yenye vinyweleo vinavyolala upande uleule. Halafu shuka leya ya chini: unywele una kivuli chake kwenye ngozi, na kivuli kimebaki huko. Chagua eneo kwa laso yenye ukingo laini pikseli 15, ulilainishe kidogo. Wengi wanasahau hatua hii, wanabaki na mstari wa kijivu shavuni usio na unywele.

#18 PikseliMoja
Sahihisho: Subtract, 2 na 128 ni ya biti 8. Mama_Kalamu amesema tufanye biti 16, na kule ni Add, weka alama ya kugeuza (Invert), kipimo 2, nyongeza 0. Ukitumia namba za biti 8 kwenye biti 16 picha hairudi sawasawa na ya awali.

Na juu ya jicho usitumie njia hii. Kope, mboni na nuru ya taa ndani ya jicho ni kingo kali, leya ya chini inazichanganya. Unywele juu ya jicho ni kloni tupu, pikseli 3 hadi 5, kipande kwa kipande: juu ya weupe chanzo ni weupe, juu ya mboni zungusha chanzo kufuata duara. Kama jicho jingine ni safi, usilinakili na kuligeuza. Taa itaonekana upande usio wake.

#19 MtuWaRAW
Leo nasahihishwa kila bandiko. Sawa mkuu, 16 ni Add.

#20 Linaksi_Bure
Kwa wasio na hela ya Photoshop: GIMP tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 ina Wavelet decompose ndani yake (inatenganisha picha kwa ukubwa wa umbile), inatoa ngazi 5 pamoja na mabaki. Unywele mwembamba unakaa ngazi ya 1 hadi 3, kivuli chake ngazi ya 4 na 5. Hilingi ni herufi H, kloni ni C, na kloni inakubali modi za Lighten na Darken zilezile za #4. Darktable nayo ina moduli ya kusafisha yenye ngazi hizohizo, moja kwa moja kwenye RAW. Unachora njia juu ya unywele, unachagua kloni au kuponya kwa kila ngazi. Inakula kompyuta, lakini unaweza kurudi kubadilisha wakati wowote.

#21 Ushungi_Studio
Naongeza jambo ambalo halijatajwa. Mteja mwenye hijabu. Nywele zikichungulia chini ya mtandio, kwake siyo suala la urembo, hataki picha hiyo itoke hivyo. Kwa hiyo zote zinaondoka, hata zile ambazo BintiMsusi angesema tuache. Kinachokutesa hapo siyo karatasi ya nyuma, ni ukingo wa kitambaa: ukifuta unywele unaotoka chini ya mtandio na kuingia kwenye paji, unavunja kivuli cha kitambaa juu ya ngozi. Fanya nusu mbili. Upande wa ngozi tumia kloni yenye chanzo kutoka kwenye kivuli kilekile, sentimita moja pembeni. Upande wa kitambaa fuata mpindo. Kitambaa cha shifoni kina nyuzi zinazochomoza kama nywele kabisa. Hizo ni Lighten na Darken vilevile. Na kabla ya kuendelea kupiga, mwonyeshe picha ya kwanza kwenye kamera. Atajirekebisha mwenyewe kwa sekunde tano.

#22 BintiMsusi
@Ushungi_Studio umesema kweli, hapo nakubali zote zitoke.

#23 Paspoti_Haraka
Na za pasipoti? Nazisafisha kila siku, zinapendeza.

#24 Ndevu_na_Lenzi
@Paspoti_Haraka acha leo hii. Picha ya pasipoti au ya bahati nasibu ya viza ya Marekani hairuhusiwi kubadilishwa kwa programu, na wamesema wazi kwenye masharti yao. Mwombaji ndiye anayeumia, siyo studio. Za Marekani ni mraba, inchi 2 kwa 2, kichwa kichukue asilimia 50 hadi 69 ya urefu wa picha. Ya kidijitali ya bahati nasibu ni JPEG ya mraba, pikseli 600 hadi 1200, isiyozidi kilobaiti 240. Nywele zisifunike macho, basi. Chana kabla ya kupiga.

Tena kwa saizi hizo hakuna cha kusafisha. Picha ya milimita 35 kwa 45 kwa nukta 300 kwa inchi ina pikseli 413 kwa 531. Unywele uliochomoka hauonekani humo.

#25 ChumbaChaGiza
Salaam. Mleta uzi anasema moshi ni wa lenzi. Vijana wote mmemrukia, hakuna aliyepiga hesabu. Nimeipiga.

Milimita 85, f/2.8, mita mbili, sensa kubwa: kina cha fokasi ni kama sentimita 9 kwa jumla, yaani nne na nusu mbele ya jicho na nne na nusu nyuma. Ukingo wa afro unaouona kutoka mbele uko usawa wa masikio, sentimita 10 hivi nyuma ya jicho. Uko nje. Kwa umbali huo kila nukta ya unywele inageuka duara la milimita 0.064 kwenye sensa. Pikseli ya sensa ya megapikseli 24 ni milimita 0.006. Gawanya: pikseli 10 hadi 11. Yeye amesema 10 mpaka 15.

Nywele nyingi zilizo nje ya fokasi zikilaliana, zinatoa utando wa nusu uwazi. Huo ndio moshi. Unywele mmoja mkali uliokuwa mbele yake ulivuta macho. Ukiutoa utando unabaki peke yake.

Zamani kazi hii ilifanywa kwenye negativu. Unywele mweusi kwenye karatasi nyeupe ni mstari angavu kwenye negativu, unaujaza kwa penseli iliyochongwa kama sindano mpaka ulingane na jirani. Unywele uliong'aa kwenye bakgraundi nyeusi ni mstari mzito, unaukwangua kwa kisu. Ni Lighten na Darken hizohizo za dada Mama_Kalamu. Na utando haukujazwa wala kukwanguliwa, uliachwa, kwa sababu kichwa kisicho na utando hakikai ndani ya hewa.

#26 Mama_Kalamu
Shikamoo mzee. Hesabu nimeirudia, imekaa sawa. Lakini hesabu yako inasema utando uwe kuzunguka kichwa chote kwa usawa. FundiLenzi, ndivyo ulivyo?

#27 Zana_Mpya
Mbona mnahangaika, Photoshop tangu 2023 ina zana ya kuondoa na ya kujaza kwa akili mnemba. Unapaka kichwa chote, imekwisha.

#28 Ushungi_Studio
@Zana_Mpya ukipaka kichwa chote inakutengenezea nywele nyingine, na mteja anazijua nywele zake. Eneo kubwa linatoka laini kuliko picha iliyobaki, halina chembe. Kwa unywele mmoja mmoja uliokaa mbali na kichwa ni nzuri sana, natumia. Ukingoni, hapana.

#29 FundiLenzi
Nimerudi. Marahaba kwa wadogo, na kwa mzee #25 shikamoo.

Majaribio: Clarity kutoka +25 mpaka 0, moshi umepungua kutoka pikseli 15 hadi kama 10. Kwa hiyo PikseliMoja alikuwa na sehemu yake.

Upande wa kushoto, kloni yenye Lighten, brashi pikseli 6, hakuna hilingi kabisa: moshi hauonekani tena, hata chini ya mkunjo mkali wa #11. Kwa hiyo Kaka_Kontrasti na Mama_Kalamu nao wana sehemu yao.

Upande wa kulia, kwenye taa ya nyuma, njia ileile na Darken: moshi upo, pikseli 10, mweupe kidogo kuliko karatasi. Kuna picha nyingine ya kikao hichohicho kwenye f/8. Pale moshi wa kulia ni pikseli 4 hivi. Bado naona ni lenzi.

#30 ChumbaChaGiza
f/8 hesabu inatoa pikseli 3 na nusu hadi 4. Umejijibu.

#31 Kaka_Kontrasti
Hajajijibu mzee. Kama ni lenzi, kushoto ungebaki pia, kwa sababu kushoto na kulia ni umbali uleule. Kushoto umeondoka kwa kubadilisha brashi.

#32 JichoLaKunguru
Au kushoto upo, ila ni mweusi juu ya nywele nyeusi na jicho linaukubali. Kulia taa ya nyuma inauwasha utando na kuufanya uonekane. Kwa hiyo ungebishana na taa, siyo lenzi wala brashi. Punguza taa ya nyuma stopu moja (mwanga uwe nusu), piga tena.

#33 PikseliMoja
Fungua chaneli moja moja upande wa kulia. Lenzi zenye uwazi mkubwa zinatoa rangi nje ya fokasi: zambarau mbele ya fokasi, kijani nyuma yake. Nywele zako ziko nyuma. Moshi ukiwa na nguvu kwenye chaneli ya kijani kuliko nyekundu na bluu, sehemu yake ni hiyo, na kitelezi cha kuondoa rangi za kingo kwenye RAW kitaupunguza kabla ya brashi.

#34 FundiLenzi
Nimefungua. Kijani ina nguvu, nyekundu na bluu hafifu.

#35 PikseliMoja
Ndiyo hiyo.

#36 BintiMsusi
Samahani, ukuta wa kulia wa studio ni rangi gani?

#37 FundiLenzi
Kijani. Kijani hafifu, na taa ya nyuma iko mita moja kutoka hapo.

#38 JichoLaKunguru
Tundika kitambaa cheusi juu ya huo ukuta, mita mbili kwa mita mbili kinatosha. Usiguse taa wala kamera. Piga mbili, f/2.8 na f/8, Clarity sifuri, utuletee chaneli ya kijani ya picha zote nne, hizi mbili pamoja na zile mbili za mwanzo.